Diani 27, Dubai 41, Munich 12: namna ya kulinganisha hesabu za hoteli za nchi tofauti

Swali: Mimi ni mhasibu wa hoteli ya ufukweni hapa Diani, vyumba 80. Mwenye hoteli ana hisa pia katika hoteli moja ya Dubai na nyingine ya Munich. Juzi alipanga taarifa tatu za mwaka mezani. Dubai faida ya uendeshaji ni asilimia 41 ya mapato, sisi 27, Munich 12. Akaniuliza, "Pesa zenu zinaishia wapi?" Nimepitia gharama zetu mstari kwa mstari na sioni uzembe wa kiasi hicho. Hoteli za nchi nyingine huandikaje hesabu zao, na nitazilinganishaje bila kuonekana natafuta visingizio?

Jibu:

Ndugu mhasibu, nimesoma taarifa zote tatu ulizotuma, na asilimia niliziacha mwisho. Nilianza kwa kuangalia kila taarifa inaishia mstari gani. Ya Dubai inaishia kwenye GOP, yaani faida ghafi ya uendeshaji, kabla ya ada ya mwendeshaji, pango na bima. Ya Munich inaishia kwenye EBITDA, yaani faida kabla ya riba, kodi ya mapato na uchakavu. Yenu inaishia pale ambapo programu yenu ya uhasibu imeandika "faida ya uendeshaji", maneno ambayo kila aliyeiunda programu ana maana yake. Ni mabasi matatu yaliyotoka Mombasa, moja likashusha Mariakani, jingine Voi, jingine Mtito Andei, kisha bosi anauliza kwa nini nauli hazilingani.

Kwa hiyo usiingie kwenye kikao kijacho kuitetea 27. Ingia na taarifa tatu ulizozisogeza mpaka zikasimama kituo kimoja. Ikibaki tofauti hapo, hiyo ndiyo ya kujibiwa.

Tuanze na Dubai, kwa sababu taarifa yake inafuata ramani inayojulikana. Inaitwa USALI, mfumo wa hesabu za hoteli uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1926 na chama cha wenye hoteli wa jiji la New York. Umerekebishwa mara nyingi, na toleo la 12 limeanza kutumika 1 Januari 2026. Si sheria ya nchi. Umeenea duniani kwa sababu makampuni makubwa yanayoendesha hoteli za watu huuandika ndani ya mikataba ya usimamizi, na benki zinazokopesha hoteli zimeuzoea.

Ngazi zake ni hizi. Kila idara inayoingiza pesa, yaani vyumba, chakula na vinywaji, na nyinginezo kama spa, inaandikwa na mapato yake na gharama zake yenyewe. Halafu zinatolewa gharama zisizo na idara moja: utawala, teknolojia ya habari, mauzo na masoko, matengenezo, umeme na maji. Kinachobaki ndicho GOP. Chini yake ndipo inatolewa ada ya kampuni inayoendesha hoteli, kisha kodi ya pango, bima ya jengo na kodi za ardhi, ndipo unafika EBITDA. Mwisho inatolewa akiba ya kubadilishia samani na vifaa, ambayo mikataba mingi huiweka karibu asilimia 4 ya mapato.

Angalia ni vitu vingapi viko chini ya GOP. Hakuna kimoja kati yake ambacho meneja wa hoteli anakitawala, na ndiyo sababu GOP ni kipimo cha meneja. Mwenye hoteli hali GOP. Zaidi ya hapo, kampuni nyingi za uendeshaji hulipwa ada mbili, moja ya asilimia ya mapato na nyingine ya asilimia ya GOP. Gharama yoyote itakayosukumwa chini ya mstari huo inamwongezea mwendeshaji malipo. Nimeona mikataba ambayo watu wamebishana kurasa nzima juu ya mahali pa kuweka ada ya programu ya wageni wa kudumu au mshahara wa mkurugenzi wa kanda. Usiwacheke, hapo ndipo pesa ilipo.

Sasa yenu. Katika mapato ya shilingi milioni 300 mmeonyesha faida ya milioni 81, ndiyo ile 27. Lakini ndani ya "gharama za utawala" nimekuta bima ya jengo milioni 5, kodi ya ardhi na malipo ya kaunti milioni 4, na ada ya usimamizi milioni 9. Dubai wameziweka chini ya GOP zote tatu. Zirudishe, mnafika milioni 99, asilimia 33. Halafu kwenye matengenezo kuna milioni 6 za magodoro mapya na viyoyozi vya upande mmoja wa hoteli. Hiyo ni mali ya miaka kadhaa, si matengenezo, na mkaguzi wenu angepaswa kuliona hilo. Itoeni hapo, mnakuwa na milioni 105, asilimia 35. Kufika hapa hatujafanya ujanja wowote. Tumesogeza mistari tu.

Sevisi chaji inageuza mambo upande wa pili. Kwa USALI, malipo ya huduma yanayolazimishwa kwenye bili ni mapato ya hoteli, na yakigawiwa wafanyakazi yanaandikwa kama gharama ya wafanyakazi. Bakshishi anayotoa mgeni kwa hiari yake haiingii. Ninyi mnaiweka sevisi chaji pembeni kama deni kwa wafanyakazi na haionekani kabisa kwenye mapato, na sababu yake naielewa: Sheria ya VAT ya Kenya ya 2013 haiihesabu kwenye thamani inayotozwa kodi iwapo inagawiwa wafanyakazi moja kwa moja na haizidi asilimia 10 ya bei. Kwa kodi mko sawa. Kwa ulinganisho, milioni 20 zimekosekana juu na chini. Ukiziingiza pande zote mbili, faida inabaki ileile milioni 105 lakini mapato yanakuwa milioni 320, na asilimia inashuka hadi 32.8. Hakuna aliyeiba kitu, ila pointi mbili zimeondoka.

Dubai bili ya chumba ina sevisi chaji ya asilimia 10, ada ya manispaa asilimia 7, VAT asilimia 5, na dirham chache za utalii kwa kila usiku. Ada ya manispaa, VAT na dirham za utalii ni pesa za serikali, hazitakiwi kuonekana kwenye mapato. Lakini ile sevisi chaji waulize swali moja kwa maandishi: yote inagawiwa wafanyakazi, au sehemu inabaki hotelini? Ikibaki hata nusu, hapo kuna pointi kadhaa za faida ambazo ninyi, kwa utaratibu wenu wa kugawa yote, hamwezi kuzipata hata mkiendesha hoteli kwa ustadi gani.

Kamisheni za mawakala nazo zina namna mbili. Mgeni akilipa kwenu na wakala akawatumia ankara ya kamisheni, mapato ni bei yote na kamisheni ni gharama. Wakala akinunua kwenu kwa bei yake ya jumla na kumuuzia mgeni kwa bei anayoijua mwenyewe, mapato yenu ni kile alichowalipa. Mikataba yenu mingi ni ya namna ya kwanza, na kamisheni za mwaka ni milioni 30. Taarifa ya Dubai imeandika pembeni kwamba mapato ya vyumba ni baada ya kamisheni. Ukizitoa zenu kwa ajili ya ulinganisho tu, si kwenye vitabu, mapato yanakuwa milioni 290 na asilimia inafika 36.2.

Kwa hiyo pengo la pointi 14 limebaki karibu 5. Hizo tano zichukue kwa uzito. Kwa macho yangu zinatoka kwenye dizeli ya jenereta na kwenye mwezi wa Mei, ambapo mnafunga lakini mnalipa nusu ya mishahara. Hayo ndiyo mazungumzo halali na bosi.

Munich ina kisa chake, na hapa watu wengi hupotea. Hoteli ile haimiliki jengo. Ujerumani ni kawaida kabisa mwendeshaji kupanga jengo kwa mkataba wa miaka mingi, na taarifa uliyopata imeandikwa kwa sheria ya biashara ya Ujerumani, HGB, ambapo kodi ya pango ya namna hii ni gharama ya kila mwezi kama umeme. Mapato ni yuro milioni 10, kodi ya pango milioni 2.2, EBITDA milioni 1.2. Ndiyo ile 12. Ukirudisha kodi ya pango tu, unapata milioni 3.4, asilimia 34. Hoteli inayodharauliwa mezani inakaribia ya Diani.

Sasa tuseme kampuni hiyohiyo ingeandika kwa viwango vya kimataifa. Tangu 1 Januari 2019, IFRS 16 inataka mpangaji aingize mkataba kwenye mizania: haki ya kulitumia jengo upande wa mali, na malipo yajayo upande wa madeni. Kwenye taarifa ya faida kodi ya pango inatoweka, mahali pake wanakuja uchakavu na riba, na wote wawili wako chini ya EBITDA. Hoteli ingeamka na EBITDA ya asilimia 34 bila hata shuka moja kubadilishwa. Marekani nao wana kiwango chao kipya, na mkataba unaingia kwenye mizania vilevile, lakini pango la kawaida linaendelea kuonekana kama gharama moja ya uendeshaji, kwa hiyo EBITDA yao inabaki chini. Jengo moja, mkataba mmoja, nambari mbili, na zote zimepigwa muhuri na wakaguzi.

Kuna kipengele kingine ambacho ningependa ukisome kwenye mkataba wa Munich kabla hujasema neno. IFRS 16 haiingizi kwenye deni kodi ya pango inayopanda na kushuka kwa asilimia ya mapato. Pango la namna hiyo linabaki gharama ya kawaida. Nchi za Skandinavia mikataba ya asilimia ya mapato imeenea, na kampuni kama Scandic huwapa wawekezaji EBITDA iliyorekebishwa, isiyo na athari za IFRS 16, kwa sababu isiyorekebishwa haiwaambii kitu juu ya pesa inayotoka mfukoni. Ushauri wangu ni uleule: kwa mwenye hoteli, kodi ya pango inayolipwa kwa fedha ni gharama, kiwango kiite kitakavyo. Onyesha faida kabla ya pango ili kumpima meneja, na faida baada ya pango ili kumpima mwenye mtaji. Usimpe moja bila nyingine.

Ujerumani kuna jambo jingine dogo. Mwaka 2010 kodi ya mauzo kwenye malazi ilishushwa kutoka asilimia 19 hadi 7, kifungua kinywa kikaachwa kwenye 19. Kwa miaka mingi baada ya hapo, bei moja ya chumba na kifungua kinywa ikawa inagawanywa kwa jicho la kodi. Ukilinganisha mapato ya chakula ya Munich na yenu, kumbuka mgawanyo huo haukufanywa na mpishi.

Na mgawanyo wa bei moja ni ugonjwa wa hoteli zetu za pwani na kambi za mbugani kuliko mahali pengine, kwa sababu tunauza fulubodi, chumba na milo yote kwa bei moja. Wajapani wanaujua vizuri: nyumba zao za kulala wageni za jadi huuza usiku mmoja na milo miwili kwa bei moja. Kanuni ya IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha mapato, na ya USALI haziko mbali. Gawa bei kwa uwiano wa kile ambacho kila kitu kingeuzwa peke yake. Ninyi mmegawa nusu kwa nusu tangu enzi za mhasibu aliyekutangulia, kwa hiyo vyumba vinaonekana maskini na mgahawa tajiri. GOP haibadiliki, lakini bei ya wastani ya chumba inakuwa ya kubuni, na ndiyo nambari ya kwanza Dubai wataitazama.

Nikiwa bado jikoni: gharama yenu ya chakula ni asilimia 44 ya mauzo ya chakula, na nimeona barua ya meneja akimlaumu mpishi. Ugali, maharage na sukuma wiki vya chakula cha mchana cha wafanyakazi vinatoka stoo ileile na kuandikwa kwenye chakula cha wageni. USALI inataka chakula cha wafanyakazi kitolewe hapo na kugawiwa kila idara kwa idadi ya watu wake. Fanya hivyo kwa miezi mitatu kisha ndipo mzungumze na mpishi.

Hayo yote yanawezekana kwa kuwa vitabu vyenu vina idara. Nchi zinazofuata mfumo wa Kifaransa huandika gharama kwa aina yake. Kongo, iliyojiunga mwaka 2012 na OHADA, jumuiya ya sheria za biashara ya nchi za Afrika, inatumia SYSCOHADA, mfumo wa hesabu wa jumuiya hiyo, na mishahara yote ya hoteli ya Lubumbashi au Goma inakaa akaunti ya 66, mpishi na mtu wa mapokezi pamoja. Ufaransa kwenyewe ni akaunti ya 64. Hesabu za kisheria za namna hii haziwezi kukupa GOP hata ukizikamua. Hoteli za huko zinazotaka kupimwa na wenzao huongeza msimbo wa idara kwenye kila hati, vitabu vya sheria vikabaki kama vilivyo. Nakutajia kwa sababu bosi wako anaonekana mtu wa kununua hisa, na kesho anaweza kukuletea taarifa ya nne.

Mizania nitaipita haraka. IFRS, ambayo Kenya imeitumia tangu 1999 na Tanzania tangu 2004, inaruhusu kuthamini jengo upya. Marekani na HGB haviruhusu kulipandisha juu ya gharama yake. Hoteli yenu mmeithamini upya, kwa hiyo mali imenona na uchakavu umekuwa mkubwa. Asiwaambie mtu kwamba "faida juu ya mali" yenu ni ndogo kuliko ya Munich, ambayo haina hata jengo.

Sarafu haitaki harakaharaka. Dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 tangu 1997. Shilingi ya Kenya ilifika karibu 160 kwa dola Januari 2024, na kufikia Aprili ilikuwa imerudi karibu na 130. Chumba cha dola 100 kiliingiza shilingi 16,000 na miezi mitatu baadaye 13,000, mishahara na bili ya umeme zikiwa palepale kwa shilingi. Ukiweka taarifa yenu ya 2023 kando ya 2024, utaona faida ikisinyaa kwa sababu ambayo meneja hana mkono nayo, na mwaka uliotangulia ilivimba kwa sababu hiyohiyo. Dubai hawajui upepo huo. Wekeni mstari wake peke yake, na ulinganisho wa miaka ufanyike kwa kiwango kimoja cha kubadilishia fedha.

Kwa kuwa asilimia zina udhaifu wote huu, ningeweka mbele ya bosi pesa kwa kila chumba kilichopo kwa kila usiku. Vyumba 80 kwa siku 365 ni usiku 29,200. Milioni 105 ukigawa kwa hizo ni shilingi 3,596. Faida ya kipimo hiki ni kwamba sevisi chaji iliyogawiwa yote haikigusi, wala jinsi kamisheni ilivyoandikwa haikigusi. Lakini uangalie kigawanyo. Chumba kibovu kwa wiki mbili hakitolewi kwenye idadi. Hoteli ikifungwa kwa msimu, siku 30 mfululizo au zaidi, USALI inaruhusu kuzitoa, na mkitoa Mei mnapata usiku 26,720 na shilingi 3,930. Inapendeza zaidi. Mimi nisingeitumia kwa mwenye hoteli. Mkopo wake unahesabu riba hata Mei.

Akikuuliza kwa nini wakaguzi hawakumwambia haya, mweleze kwamba GOP na EBITDA haziko kwenye viwango vya IFRS. Zinabaki nje ya hesabu zilizokaguliwa, pamoja na ile akiba ya samani, ambayo IFRS haiitambui kama gharama mpaka pesa itumike kweli. IFRS 18, inayoanza 1 Januari 2027, italazimisha jumla ndogo ya faida ya uendeshaji yenye maana moja, na kampuni ikitangaza hadharani kipimo chake yenyewe cha faida itabidi ionyeshe kwenye maelezo ya hesabu kinavyopatanishwa na hesabu hizo. Hata hivyo, faida ya uendeshaji ya IFRS 18 itakuwa baada ya uchakavu, kwa hiyo haitakuwa GOP. Msije mkabadilisha jina la mstari wenu Januari ile mkadhani mmemaliza.

Kabla ya kikao, waandikie Dubai uwaulize mambo matatu: sevisi chaji inakwenda wapi, kamisheni za mwaka ni kiasi gani, na ada mbili za mwendeshaji zilikuwa dirham ngapi. Munich waombe ukurasa wa mkataba unaotaja pango, kama ni kiwango maalum au asilimia. Majibu yakichelewa, peleka jedwali lako hivyohivyo na nafasi zao wazi, ili bosi aone ni nani bado hajatoa nambari zake.